Tunaelimisha haki za binadamu mtaani kwetu Ujiji lakini watu hawaji. Tunakosea wapi?

Kijana wa Ujiji

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa wote.

Tuko vijana tisa, tunajitolea hapa Ujiji. Kikundi chetu kina Waha, Wamanyema, Mbembe mmoja, na wawili ambao wazazi wao walivuka ziwa kutoka Kongo. Kilichotukusanya ni jambo tuliloliona kwa macho kwenye bomba la maji. Mama mmoja amekaa mtaa huu tangu sijaanza shule. Siku hiyo dumu lake la njano lilikuwa la tatu kwenye foleni. Mwenzake akalisukuma kwa mguu hadi mwisho, akamwambia, "Kanywe maji ya kwenu." Hakuna aliyenyanyua mdomo, hata mimi. Yule mama akaliokota dumu lake tupu akaondoka.

Basi tukaamua tuanze kuelimisha watu kuhusu haki za binadamu, na makabila yote ya hapa kuheshimiana. Tulichangishana, tukakodi viti sitini na kipaza sauti, tukatoa nakala za ibara ya 12 na ya 13 za Katiba. Walikuja watu kumi na wanne, na watano kati yao ni ndugu zetu. Mzee mmoja akasimama akasema, "Hizo haki zenu ni mambo ya kizungu, sisi tuna mila zetu." Nikakosa jibu.

Mara ya pili tukasema tulete ngoma, kila kabila na ya kwake. Ukazuka ugomvi wa nani atangulie, mpaka jua likazama.

Naomba ushauri wenu. Tunakosea wapi?

Mkazi wa Gungu

Mdogo wangu, watu wa mkoa huu wamezoea semina za mashirika. Tangu makambi ya wakimbizi yaje miaka ya tisini, mtu akiitwa kwenye mkutano anaulizia posho na soda. Ninyi hamna posho, kwa hiyo anaona bora ashinde shambani. Msiwalaumu, na msianze kutoa hela maana hamtaiweza.

Mama wa Heru Juu

Marahaba mwanangu. Nimesoma habari ya lile dumu nikaweka simu chini kwanza.

Mimi niko Kasulu, ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea mwaka wa nane huu. Nilianza kama wewe, kwa viti na kipaza sauti. Nitakueleza kilichonibadilisha.

Kulikuwa na kijana hapa kijijini, amemaliza kidato cha nne, anahitaji kitambulisho cha taifa. Akaambiwa alete mtu wa ukoo wa kumshuhudia. Wazazi wake walishafariki, akaenda na bibi yake. Bibi yule Kiswahili anakisikia lakini hakimtoki. Walipofika mbele ya meza alipiga makofi taratibu, akainama, akasema "mwakeye", kama tunavyomwamkia mtu tunayemheshimu. Yule wa mezani hakuwa mwenyeji wa huku. Akamwangalia, akamwambia kijana, "Huyu ni Mrundi, mrudishe." Maneno mangapi alisema bibi? Moja tu! Sisi tunasema mwakeye, ng'ambo ya mpaka wanasema bwakeye. Lugha hizi ni ndugu tangu kabla mpaka haujachorwa, na Muha anayesema lugha ya mama yake anaonekana mgeni ndani ya nchi yake.

Walirudi kwa miguu. Bibi hakutoka nje siku tatu. Alikuwa anasema amemharibia mjukuu maisha kwa mdomo wake.

Tulikwenda pale nyumbani watu wawili, hatukubeba kipaza sauti. Tulikaa kwenye mkeka tukamwomba atuonyeshe alicho nacho. Akatoa sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kanga mbili, risiti za kodi zilizoliwa na mchwa pembeni, cheti cha darasa la saba cha binti yake, yaani mama wa kijana, na kadi ya TANU ya marehemu mumewe. Ile kadi aliifunga kwa kitambaa cheupe akakifunga tena kwa uzi. Nikaishika nikaona mihuri ya ada imepangana.

Kazi ikawa kaburi la babu, lionyeshe kwamba ukoo ni wa hapa. Familia ilihamishwa wakati wa operesheni ya vijiji miaka ya sabini, kwa hiyo makaburi yako kwenye mahame, siyo hapa wanapoishi. Wazee watatu walitupeleka, mwendo wa saa mbili kasoro, mmoja anatembelea fimbo. Wakaonyesha msingi wa nyumba ya zamani, migomba iliyojiotea, na kaburi lenyewe. Wakarudi kuyasema hayo mbele ya mtendaji, yakaandikwa kwenye kiapo. Na tuliporudi kwenye ile meza na bibi, mimi nilikaa pembeni yake nikatafsiri. Niliomba hilo kwa adabu tangu mlangoni, wakakubali. Ilichukua miezi minne. Kijana akapata namba yake.

Sasa sikiliza kilichofuata. Wiki ile ile, walipokuwa wanakamua mawese, watu walinijia wenyewe. Mmoja shemeji zake wanamtoa shambani tangu mumewe afariki. Mwingine mtoto wake ana ulemavu na mwalimu amesema abaki nyumbani. Sikuwaita. Mkutano uliofuata ulikuwa chini ya mchikichi, watu wakakaa kwenye madumu na magogo, sikupata pa kupita.

Kwa hiyo mwanangu, nakuuliza: yule mama wa dumu la njano, mmekwenda kwake? Mlikodi viti sitini, yeye alikaa kwenye kipi?

Kwa huyo mzee wa mambo ya kizungu, usimbishie. Muulize alikula ahadi gani alipokata kadi. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja." Wazee wengi wanaijua kwa moyo, atakusomea mwenyewe. Kisha umwonyeshe ibara ya 12: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Haki hizo ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, na zilipiganiwa na Watanzania. Ila mila msizitupe zote kapu moja. Bibi kupiga makofi na kuinama ni mila, nami nitaitetea. Kumtoa mjane shambani nako wanakuita mila, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke kwenye ardhi ni sawa na ya mwanamume, na baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba lazima liwe na wanawake wasiopungua watatu.

Jambo moja la tahadhari. Msijiite wasaidizi wa kisheria mpaka mpate mafunzo na kusajiliwa, sheria ya mwaka 2017 inataka hivyo. Mnaweza kumsindikiza mtu, kumtafsiria, kumtunzia karatasi zake. Kiapo na ushauri wa kesi muwaachie wenye kazi hiyo. Na huduma ni bure, hata kuku msipokee.

Mchuuzi wa Kibirizi

Mama, heshima yako. Nimeguswa sana na hiyo kadi iliyofungwa kwa kitambaa.

Ila kwenye ngoma natofautiana nawe kidogo, umeziruka kabisa. Mimi nauza dagaa na migebuka hapa mwaloni. Asubuhi boti zinapoingia unasikia Kiha, Kibembe, Kifipa na Kiswahili cha Kongo kwenye beseni moja. Watu hawa wanakopeshana hela bila karatasi. Kilichowaunganisha ni harusi na misiba. Binti wa Kimanyema akiolewa, wanawake wa Kiha ndio wanaochambua mchele.

Kosa la vijana ni kupanga ngoma kwa makabila kama ligi. Ukiandika "ngoma ya kabila fulani, saa nane," umeshaleta mashindano. Wapeni wanawake wapike pamoja kwanza, halafu ngoma itaanza yenyewe na anayetaka ataingia. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuuliza nani atangulie kucheza harusini.

Mama wa Heru Juu

Baba wa Kibirizi, hapo umenishinda. Nakubali.

Kijana wa Ujiji

Mama, hapana, hatujakwenda kwake. Nimesoma swali lako nikanyamaza muda mrefu. Nimekwenda jioni ya jana na dada wawili wa kikundi.

Alitupokea vizuri, akatupa mihogo ya kuchemsha. Habari ya bomba hakuitaja. Alichotueleza ni kwamba binti yake wa miaka kumi na tano ana mimba, ameacha shule, na familia ya mwanamume inataka kuleta mbuzi wawili na fedha yaishe. Wajomba wameshakubali. Yeye hataki, ila anasema nani atamsikiliza mtu anayeambiwa arudi kwao. Tuwakutanishe wazee wa pande zote mbili wasuluhishe?

Mama wa Heru Juu

Hapana mwanangu. HAPANA. Usiandike tena habari za binti huyo hapa, na msiitishe kikao chochote.

Hilo ni kosa la jinai, siyo ugomvi wa mpaka wa shamba. Mbuzi hawalifuti, wajomba hawana mamlaka ya kulisamehe. Mama aende na binti kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, na afisa ustawi wa jamii ajue. Akiogopa kuanza polisi, apige 116, simu ya mtoto, hailipiwi. Binti apelekwe kliniki, hilo lisisubiri kesi. Na mwambieni, mbele ya mama yake, kwamba shule haijaisha: tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu msichana aliyepata mimba kurudi darasani baada ya kujifungua. Mwambieni hilo kabla ya mengine yote. Wasichana wengi hawalijui, wanakata tamaa mapema.

Waende dada zenu, ninyi wavulana mbaki. Na mama yule asiingie peke yake. Umesema kikundi kina Mbembe. Ni wa kike?

Kijana wa Ujiji

Ni wa kike. Na mama huyo ndicho Kibembe anachosema, Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Nimetoka kwake sasa hivi. Kesho saa mbili asubuhi dada yetu anampitia, wataondoka wote watatu. Mimi nitabaki kumchotea maji.