Naomba ushauri: barua aliyoiandika msomaji ndani ya riwaya yangu ni ya nani?

Ndugu zangu, kwa miezi minane nimekuwa nikiandika riwaya ya mapenzi, sehemu baada ya sehemu, katika kundi la WhatsApp, na kila usiku wasomaji walinitumia maoni, mengine kwa ujumbe wa sauti, wakinielekeza nani afe na nani aolewe. Sehemu ya 41, iliyopendwa kuliko zote, ina barua ya mama mkwe iliyoandikwa na msomaji mmoja; mimi nilibadilisha majina na kurekebisha nukta tu. Sasa nataka kuchapisha kitabu, naye anadai jina lake liwe jaladani.

Ninafahamu kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 hailindi wazo tupu, hivyo waliopendekeza tu hawanisumbui. Lakini barua ile ni maneno yake. Katika takhmisi, mshairi huongeza mishororo mitatu juu ya miwili ya mwenzake bila kumfuta mwenye shairi (ingawa wa kale, nakiri, hawakulipwa kwa M-Pesa). Je, nimtaje kuwa mwandishi mwenza, nimlipe kwa makubaliano ya maandishi, au niiandike upya barua hiyo?