Naomba ushauri: tamasha la filamu la mtaa huku tukijikinga na korona, ukumbini, uwanjani au mtandaoni?

Habari zenu wakuu. Tamasha ni la siku 3 na tumekwama kwenye hesabu.

Ukumbi una safu 10 za viti 20. Tukiruka safu moja moja na kuacha viti 2 kati ya kundi na kundi, wanaingia 35 wakija mmoja mmoja, 50 wakija wawili wawili. Hapo bado hatujahesabu nusu saa ya kufungua milango ili hewa ibadilike; feni peke yake huzungusha hewa ileile, haisaidii kitu.

Uwanjani hewa si tatizo, ila projekta haionyeshi vizuri mpaka giza liingie, kwa hiyo ni filamu ndefu moja kwa usiku, labda na fupi mbili. Upepo nao hugeuza skrini kuwa tanga, lazima ifungwe kamba pande zote nne.

Mtandaoni ndiko kwenye utata. Ruhusa nyingi tulizonazo ni za kuonyesha ukumbini tu. Filamu ya dakika 90 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde inakula takriban GB 1.35, na bando analipa mtazamaji mwenyewe!

Waliowahi kuandaa: wenye filamu hukubali masharti gani? Filamu ionekane mtandaoni saa 48 tu, tiketi zenye kikomo, watazamaji wa nchi moja tu? Na maswali kwa mwongozaji, mnayafanya mubashara au mnarekodi mapema?