MJADALA: Kongamano kubwa la kampuni za kubeti likija mjini kwetu, hela inabaki kwa nani?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Hii mada imetokana na ubishi wa juzi kijiweni. Jamaa mmoja anasema Dar tungekuwa na akili tungepigania yale makongamano makubwa ya kampuni za kamari, wenzetu Ulaya wanayagombania, wageni wanajaza hoteli wanaacha dola. Mwingine akasema hiyo hela ni ya laana isiguse mji wetu. Sikuridhika na yeyote. Wa kwanza anahesabu upande mmoja tu na wa pili hahesabu kabisa.

Nichukue mfano ulio hai. ICE ni moja ya maonyesho na makongamano makubwa kabisa ya hii biashara duniani, wanakutana watengeneza mashine, wauza programu za kubeti, wenye kasino, mabenki ya malipo, wanasheria, wote. Miaka mingi lilikaa London ukumbi wa ExCeL, mara ya mwisho Februari 2024, alafu Januari 2025 likahamia Barcelona kwenye kumbi za Fira Gran Via, watu zaidi ya elfu 50. Ukumbi wa London ulishakuwa mdogo kwao.

Barcelona wamefaidika? Nasema ndiyo, na sababu kubwa ni tarehe. Januari kule ni baridi, watalii wachache, vitanda viko vitupu, kwa hiyo mgeni wa kongamano ni nyongeza ya kweli. Lingekuwa Julai, mgeni wa kongamano anachukua chumba ambacho mtalii angekilipia tu, na mji usingeongeza kitu cha maana, lakini kwenye ripoti ingeandikwa "wageni elfu 50 wameleta kiasi kadhaa" kama vile bila wao hoteli zingekuwa tupu. Hapo ndo watu wengi wanapigwa na hizi hesabu za faida ya makongamano, zinajumlisha kila kinachoingia na hazitoi ambacho kingeingia hata hivyo.

Na kuna hela inayoonekana kwa macho. Kuanzia Oktoba 2024 halmashauri ya Barcelona ilikuwa inachukua euro 4 kwa kila mgeni kwa kila usiku, nje ya ushuru wa jimbo la Catalonia. Chukua nusu tu ya wale watu, walale usiku 3, ni euro 300,000 zinaingia halmashauri moja kwa moja kabla hujahesabu chakula wala teksi. Hiyo ni hela halali.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Hispania hiyo hiyo ilitoa amri ya kifalme namba 958 ya mwaka 2020 kubana matangazo ya kamari, kwenye redio na TV yakasukumwa saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri, na msimu wa 2021/22 jezi za La Liga zikaanza bila nembo za kampuni za kubeti. Mahakama yao ya juu kabisa ilifuta baadhi ya vipengele Aprili 2024 lakini jezi zimebaki safi. Na Machi 2024 serikali ya Catalonia ilikwama kupitisha bajeti kwa sababu chama kimoja kidogo kilikataa mradi wa kasino kubwa ya Hard Rock kule karibu na Tarragona, uchaguzi ukaitishwa mapema. Yaani watu wale wale wanaopokea wauzaji kwa siku tatu wanagombana mpaka serikali inaanguka kuhusu kuiweka bidhaa yenyewe majumbani kwao.

Kwa hiyo Barcelona inapata bili ya hoteli, na bidhaa inakwenda kuuzwa kwingine. Kwingine ni wapi? Ni sisi. Ndo maana nasema hesabu ya Barcelona huwezi kuibeba ukaileta Dar au Nairobi kama ilivyo, mana hapa mgeni akishamaliza kula buffet anashuka kusaini mkataba wa kumuuzia kijana wa Mbagala.

Nawasilisha. Naomba wenye uzoefu waje.

Mdau fundi wa majukwaa

Mkuu nakuheshimu ila mimi ni fundi, nafunga majukwaa, taa na vibanda vya maonyesho, naomba nisikike. Nyie mnaongea hesabu, mimi naongea watu 14. Likija kongamano la wageni wa nje nachukua vijana 14 kwa siku 5, siku 2 za kufunga, siku 2 za kazi, usiku mmoja wa kufungua kila kitu mpaka asubuhi. Mbao nanunua Buguruni, vitambaa na mabango nachapisha Kariakoo, mama anayetupikia pale nje anauza sahani ambazo kwa kawaida hauzi kwa wiki nzima. Hakuna hata mmoja kati yetu anayeuliza mgeni anauza dawa ya mbu au anauza mikeka ya kubeti. Januari na Februari sisi tunakaa bila kazi, watu wamemaliza hela sikukuu na ada za shule zimeanza, ukiniambia kuna watu elfu kadhaa wanakuja mwezi huo mimi nasema karibuni, ada ya mwanangu italipwa.

Alafu kubeti kupo tayari, kongamano lisipokuja mtu wa Mbagala ataacha kubeti? Si ataendelea tu. Tofauti ni kwamba mimi sijapata kazi.

Mdau wa Nakuru

Habarini ndugu zangu, naandika kutoka Kenya. Huyu fundi ameongea ukweli wake na siwezi kumpinga, lakini swali lake la mwisho nataka kulijibu kwa sababu sisi tumeishi hiyo kitu.

Mnakumbuka Everton walikuja kucheza na Gor Mahia hapo kwenu Dar, Julai 2017, uwanja ule mkubwa wa Taifa, Rooney akafunga ile bao ya mbali? Hiyo safari ililetwa na kampuni ya kubeti ya SportPesa waliokuwa kwenye jezi ya Everton. Kila mtu alisema ni utalii, ni jina la Afrika Mashariki, na ukweli ilikuwa siku tamu, mimi mwenyewe nilitazama nikiwa na furaha sana. Lakini 2019 kukawa na vita ya kodi na serikali, leseni za kampuni nyingi zikakataliwa Julai, Agosti udhamini ukaondolewa, Gor na AFC Leopards wakabaki bila mdhamini na ligi hiyo inaanza, wachezaji wakakaa miezi bila mshahara. Hiyo ndio faida inakuja kwa sherehe na inaondoka kwa barua moja, kwa sababu ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja.

Sasa kuhusu kubeti kupo tayari. Ni kweli kupo lakini hakukui peke yake. Chukua Aviator, ile gemu ya kubeti ya kindege kinapaa na unatoa pesa kabla hakijapotea. Imetengenezwa na Spribe, kampuni yenye asili ya Georgia, huko mbali kabisa. Haikuota kwa simu ya kijana wa Nakuru kama uyoga, mtu aliiuza kwa mtu, na watu wa namna hiyo wanakutana kwa maonyesho ya namna hiyo. Kwa stage ya boda hapa kwangu naona vijana watatu wanne wameinama kwa simu moja, mmoja ameshika kidole juu ya kitufe, hakuna anayepumua, abiria anapita wanamwambia ngoja kidogo. Anapoteza mia mbili kwa sekunde kumi na abiria ameenda na mwingine. Hiyo fare iliyopotea haiko kwa ripoti yoyote ya kongamano.

Mdau dereva

Mimi nimeendesha wageni wa makongamano hapa mjini, siyo ya kubeti, lakini naona ni mule mule. Mwaka mmoja kulikuwa na mkutano mkubwa kwenye hoteli moja ya nyota tano, tukaambiwa madereva tujipange tutavuna. Tumejipanga siku tatu juani. Wageni wanatolewa uwanja wa ndege na mabasi madogo yaliyokodiwa na kampuni moja tu, wanashushwa mlangoni, wanalala humo humo, wanakula humo humo, wanakutana humo humo, siku ya nne mabasi yale yale yanawarudisha. Nilipata abiria mmoja, alikuwa anatafuta dawa ya tumbo.

Jikoni nina rafiki yangu anasema siagi, jibini, nyama, juisi za maboksi vyote vilishuka kwenye lori la baridi kutoka kwa muagizaji. Sasa niambieni hizo dola zilikaa Dar siku ngapi.

Mdau fundi wa majukwaa

Dereva pole sana ila hilo ni kosa la mpangilio, siyo la kongamano. Pangeni vizuri na nyie mtapata.

Mleta mada

Nashukuru wote. Fundi nianze na wewe mana hoja yako ndo nzito na sitaki kuipita kirahisi. Vijana 14 wakilipwa ni uchumi wa kweli kabisa kuliko namba yoyote ya kwenye ripoti. Na unachomwambia dereva ni sahihi, ila hata kule Barcelona metro ya laini ya 9 inatoka uwanja wa ndege inapita Fira, mgeni akitaka anaweza asiuone mji kabisa, na hata hizo kumbi ziko L'Hospitalet, halmashauri ya jirani, siyo Barcelona yenyewe. Kwa hiyo hata wao wana hili tatizo, kilichowaokoa ni ushuru wa kitanda uliowekwa na sheria, mgeni akae ndani au atoke nje analipa. Sisi tukitaka kuleta chochote tuanze na hapo.

Lakini umesema hamuulizi mgeni anauza nini. Mimi nataka tuulize, na nitawapa mfano wa watu walioulizwa. ExCeL ya London ipo kwenye halmashauri ya Newham, mashariki ya jiji, eneo la watu wa hali ya chini na wahamiaji wengi. Newham ndo ilikuwa nyumbani kwa ICE miaka yote ile. Na Newham hiyo hiyo mwaka 2014 iliongoza halmashauri 93 za nchi kuiomba serikali ishushe dau la juu la mashine za kamari zilizokuwa kwenye maduka ya kubeti, kutoka pauni 100 kwa mzunguko mmoja hadi pauni 2, kwa sababu maduka yalikuwa yamejaa mitaani kwao na watu wanafilisika. Walikataliwa kwanza, wakaendelea kusukuma, na ilipofika Aprili 2019 dau likashushwa kweli mpaka pauni 2.

Angalieni hapo wakuu. Mji uliokuwa na kongamano lenyewe, una hoteli zake, una ajira za mafundi kama wewe, bado viongozi wake wakaona hela inayotoka mifukoni mwa wakazi wake kupitia mashine haifidiwi na siku tatu za Februari. Kongamano ni mara moja kwa mwaka. Mashine inafanya kazi kila siku.

Na hapa kwetu mashine tunaijua, dubwi. Lipo moja nyuma ya duka karibu na shule ya msingi mtaani kwangu, nimelishuhudia kwa macho yangu saa 7 mchana, mtoto wa sare ameshika sarafu za mia mbili kwenye ngumi, kaingiza nne moja baada ya nyingine, taa zimezunguka, hakikutoka kitu, akageuka akamuomba mwenzake. Mwenye duka yuko pale anapima sukari. Sheria inasema chini ya miaka 18 marufuku na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo tangu sheria ya 2003. Mia nane ya yule mtoto ilikuwa ya maandazi na nauli.

Mdau mtaalamu wa kompyuta

Mimi natengeneza mifumo ya malipo. Kongamano kama hilo ni nafasi yetu ya kukutana na wanunuzi bila kupanda ndege kwenda Ulaya, viza peke yake ni mateso. Kijana wa hapa akiuza mfumo kwa hao watu hela inaingia nchini na inabaki. Msifunge mlango wote.

Mdau wa Nakuru

Ndugu hiyo ni sawa, lakini uliza kibanda kinakodishwa pesa ngapi kwa mita na nani kati yenu ataweza. Wasipotenga nafasi ya watu wa hapa kwa sheria, utaingia kama mtazamaji tu na kadi ya shingoni.

Na hata kodi, sisi Kenya tumebadilisha kila mara, asilimia 7.5 kwa dau, ikawa 12.5, ikawa 15, na Sheria ya Fedha ya 2025 ikaigeuza kuwa asilimia 5 ya pesa unayoweka kwa akaunti ya kubeti. Serikali inapata, sikatai. Lakini inapata kwa yule wa boda, sio kwa yule aliyekuja na ndege.

Mdau fundi wa majukwaa

Sawa, nimeelewa mnakokwenda, hiyo habari ya Newham sikuwa naijua. Ila mleta mada nijibu moja kwa moja bila kuzunguka. Wakisema mwakani linakuja Dar, wewe unalikataa?

Mleta mada

Sikatai mkuu, nakujibu moja kwa moja, ila naweka masharti na siyo ya mdomo. Lije mwezi ambao hoteli ziko tupu, siyo msimu wa watalii. Ushuru wa kitanda uwekwe kabla na ujulikane unakwenda wapi. Kufunga vibanda, usafiri na chakula vipewe watu wa hapa kwa asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba, wewe na vijana wako 14 na dereva yule muwe humo. Kijana wa mifumo apewe kibanda kwa bei anayoiweza. Ripoti ya faida itolewe na mtu asiyelipwa na waandaaji, na itoe kile ambacho kingeingia hata bila wao, na ihesabu pia mikeka mingapi imeongezeka mwaka unaofuata. Matangazo ya kubeti yaondolewe kwenye redio mchana kama Wahispania walivyofanya.

Na kabla mgeni wa kwanza hajatua, lile dubwi la nyuma ya duka liondolewe. Kesho saa 4 nakwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza leseni yake iko kwa jina la nani, aliye karibu na Mbagala aniandikie twende wawili.