Mjadala: Mhadhiri afundishwe kwanza, ndipo wanafunzi waende mtaani?

Wadau, kuna hoja kwamba vyuo vikuu viingize kwenye mitaala kujifunza kwa kuhudumia jamii, na wahadhiri wapewe mafunzo ya namna ya kuendesha masomo hayo. Wanaopinga wanasema mwenye shahada ya uzamivu hafundishwi tena kufundisha, na kwamba fildi tunayo tangu zamani. Mimi naunga mkono hoja, na naomba tuijadili.

Fildi ni kitu kingine. Mwanafunzi anakwenda ofisini kujifunza kazi, msimamizi wa chuo anapita, anasaini, basi. Huku tunataka somo lenyewe lishughulike na shida waliyoitaja wananchi, na mwanafunzi apimwe kwa jinsi alivyooanisha kazi ile na nadharia. Nani alimfundisha mhadhiri kukaa na kamati ya mtaa Vingunguti wakapanga kazi pamoja? Nani alimwelekeza namna ya kusahihisha tafakuri ya mwanafunzi, yaani maandishi yake kuhusu alichojifunza kwenye kazi ile, ambayo haina jibu moja kama mtihani?

Tunachokiona ni vijana kufika serikali ya mtaa na barua ya chuo, mtendaji anagonga muhuri, wanaingia nyumba kwa nyumba na madodoso. Mama anaepua karai la maandazi ili ajibu maswali kuhusu choo chake, kipato chake, watoto wake. Baadaye wanakuja wengine na maswali yale yale, na majibu ya wale wa kwanza hajaletewa. Hili linaniuma sana.

Na inawezekana kufanya vizuri. Kuanzia 2015, kwenye Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani) walichora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko wakiwa na wakazi wenyewe, na ramani zikabaki wazi kwa yeyote kuzitumia. Lakini ule ulikuwa mradi. Nataka liwe somo la kawaida.

Mdau wa Kimara: Shida ni muda, si ujuzi. Darasa limefurika, na cheo kinapanda kwa machapisho. Atajihangaisha kwa faida gani?

Mzee wa Sinza: Mwaka 1966 wanafunzi wa Mlimani waliandamana kupinga JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya lazima, Mwalimu Nyerere akawatimua. Msirudie kulazimisha vijana.

Mleta mada: Shikamoo mzee. Umegusa penyewe: kijana akipelekwa mtaani bila kuelewa kwa nini, ataona anaadhibiwa, na wa kumwelewesha ni mhadhiri aliyeandaliwa. Ndugu wa Kimara, nakubaliana nawe kuhusu cheo. Kazi hii ihesabiwe kwenye kupandishwa, la sivyo hakuna atakayeigusa. Semina ya siku mbili yenye posho na cheti siitaki. Mhadhiri aanze na somo moja, muhula mzima awe na mwenzake mzoefu, na mwenyekiti wa mtaa aitwe chuoni kusema kazi ilifanyika au haikufanyika, alipwe kama mhadhiri mgeni yeyote. Mlioko Muhimbili na Ardhi, idara zenu zinaweza kulikubali hilo la mwisho?