Mrejesho: kupimwa usonji ukubwani

Wakuu, niliuliza hapa mtu mzima anapimwaje usonji (autism). Asanteni sana. Aliyesema niende na mama ndiye aliyenifaa zaidi: daktari alimhoji kuhusu utoto wangu, nilivyokuwa napanga visoda kwa rangi na kuangua kilio vikiguswa. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo. Ni mahojiano marefu (yanachosha kweli), anakutazama unavyoongea, kisha analinganisha na vigezo vya DSM-5 (mwongozo wa madaktari wa kutambua matatizo ya akili na ukuaji). Dodoso la AQ-10 (maswali kumi kuhusu dalili za usonji) nililojaza mtandaoni, alisema ni la kuchuja tu, si la kuthibitisha. Usonji umethibitishwa. Suala la ADHD (shida ya umakini na kutotulia) bado linachunguzwa. Ripoti za shule nilizobeba hazikufunguliwa hata moja, na bima iligoma, nikalipa taslimu.