Mteja anaomba dawa ya usingizi: nitajuaje kama tatizo ni pumzi?

Muuza Dawa:
Wakuu, habari za jioni. Dukani haipiti siku bila mtu kuulizia dawa ya usingizi, na wengi wameshajizoesha Piriton, dawa ya mzio. Diazepamu haitoki bila cheti cha daktari, hilo halina mjadala. Nataka maswali ya kumuuliza mtu pale dirishani. Mfano, dereva wa lori, miaka 52, anatumia dawa za presha. Anasema analala masaa nane lakini anaamka hoi, na mchana anasinzia. Huyu ana tatizo la kukosa usingizi?

Tabibu wa Zamu:
Hapana mkuu, usingizi anaupata, ila haumpumzishi. Kwa mtu wa namna hiyo swali la kwanza muulize anayelala naye: kukoroma kunakatika ghafla, kimya, halafu anashtuka kama mtu aliyekuwa anazama? Katika kimya hicho ulimi na nyama laini za koo zimelegea zikaziba njia, kifua kinavuta lakini hewa haipiti.

Kisha tumia alama nane, kila moja pointi moja: anakoroma hadi anasikika mlango ukiwa umefungwa, amechoka mchana, ameonekana akikata pumzi, ana presha, uzito kwa urefu (BMI) umezidi 35, umri umezidi 50, shingo imezidi sm 40, ni mwanaume. Pointi 3 ni za kutilia shaka, 5 na kuendelea hatari ni kubwa. Dereva wako ana 4 kabla hujashika futi ya fundi cherehani. Pima shingo usawa wa koromeo.

Kinachothibitisha kuwa pumzi hukatika usingizini ni kipimo cha usiku, ambacho huhesabu pumzi iliyokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Mara 5 hadi 14 kwa saa ni nyepesi, 15 hadi 29 ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Mwandikie aende kwa daktari wa masikio, pua na koo au wa kifua, na kama anasinzia kwenye usukani aache kuendesha hadi atibiwe. Diazepamu na pombe hulegeza koo hilohilo, tena huchelewesha ule mshtuko unaomrudishia pumzi.

Mama Vidonge:
Naongezea kuhusu Piriton. Usingizi wake ni athari ya pembeni tu. Mwili huizoea upesi, na uzito wa kichwa hubaki hadi asubuhi. Mzee mwenye tezi dume inaweza kumzibia mkojo. Na kuna kundi linalosahaulika: wanaosema miguu inawatambaa jioni wakipumzika, wakitembea inatulia. Hao Piriton huwazidishia. Wapimwe feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, maana wingi wa damu unaweza kusoma vizuri huku akiba hiyo iko chini. Ikiwa 75 (mikrogramu kwa lita) au pungufu, madaktari wengi huanzisha madini ya chuma. Wajawazito nao hupatwa sana.

Fundi wa Mashine:
Dereva akipewa mashine ya kusukuma hewa ili koo lisizibe usiku, atarudi kwako na malalamiko. La kwanza ni barakoa kuvuja. Watu hukaza mikanda, mto wa silikoni unajikunja na uvujaji unazidi. Aivae amelala, mashine ikiwa imewashwa, akaze kidogo kidogo. Mdomo ukikauka, anapumulia mdomo: abadilishiwe barakoa ya pua na mdomo. Kwenye chombo cha unyevu aweke maji yaliyotoneshwa (distilled), ya bomba huacha chumvi. Ya betri ya gari asiguse kabisa. Umeme ukikatika, avue na alale ubavu. Akiivaa mashine chini ya masaa manne kwa usiku, faida ni ndogo.

Muuza Dawa:
Asanteni. Na yule anayekodolea dari hadi alfajiri?

Tabibu wa Zamu:
Huyo sasa ndiye wa kukosa usingizi, hasa ikiwa ni siku 3 au zaidi kwa wiki kwa miezi 3. Tiba ya kwanza ni ratiba. Aandike kwa wiki mbili muda anaolala kweli. Kama yuko kitandani saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi lakini analala masaa 6, apewe masaa 6 tu: aingie saa 6 usiku, aamke saa 12, Jumapili pia. Kamwe isishuke chini ya masaa 5. Akiona dakika 20 zimepita hajalala, atoke kitandani, akae penye mwanga hafifu, simu aiache. Kila wiki, akilala asilimia 85 ya muda wa kitandani, aongezewe dakika 15.

Wiki ya kwanza atakuchukia. Anakuwa mchovu kuliko mwanzo, na uchovu huo ndio unaovuta usingizi. Wengi huacha hapo. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na dereva, wasianze bila daktari.

Muuza Dawa:
Na wanaokabwa na jinamizi?

Mama Vidonge:
Akili imeamka, misuli bado imefungwa na usingizi wa ndoto. Huisha ndani ya dakika chache. Asilale chali, asikeshe. Ikija pamoja na usingizi mzito wa mchana, au magoti kulegea akicheka, apelekwe hospitali.