Picha nyeusi-nyeupe za Ayalandi zinaota ukungu

Mkazi wa Kirumba: Wadau, padri mmoja mstaafu aliniachia picha mbili za karatasi: mnara wa mawe wa Glendalough, ule wa mita 30 hivi, na majabali ya Moher. Nimezitundika sebuleni, ukuta wa upande wa ziwa. Masika haya mnara umeota madoa kama mkate uliochacha. Nifute na kitambaa kibichi?

Fundi Fremu: Thubutu! Kioo kimegusana na karatasi, ndiyo shida. Itoe, ikauke kivulini, kisha itenganishe na kioo kwa kadibodi isiyo na asidi. Tundika ukuta wa ndani.

Mkazi wa Kirumba: Ya Moher imegandia kioo.

Fundi Fremu: Usiivute. Ipige picha kwanza hivyohivyo.

Shangazi Igoma: Mwanangu kaona hayo majabali, kasema Bismarck Rock, ule mwamba wetu wa ziwani hapa Mwanza, imenyooshwa!